Wasomaji Wauliza: Shule ya Wastani wa 6.2 au ya 5.4? Kulinganisha Shule za Upili Taita Taveta

Tangu matokeo ya KCSE 2025, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yatoke, wazazi wa Taita Taveta wenye watoto wa Gredi ya 9 wametuandikia wakiuliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: shule hii au ile? Tumechagua barua tano. Hatutataja shule iliyo bora, kwa sababu bora ya nani ndiyo swali lenyewe. Tutaeleza cha kuuliza, nani wa kumuuliza, na jinsi ya kupiga hesabu. Msomaji wa Kitui, Kwale au Busia abadilishe majina ya mahali tu, hesabu haibadiliki.

"Nimpeleke kwenye 6.2?"

*Shule mbili za hapa kwetu zimetundika mabango getini. Moja imeandika wastani wa 6.2, ya pili 5.4. Binti yangu ni wa katikati darasani. Si ndio nimpeleke kwenye 6.2? — Mama, Mwatate*

Mama, bado. Bango hilo halijakupa habari ya kutosha. Serikali iliacha kuorodhesha shule kwa ubora wa matokeo mwaka 2014, kwa hiyo namba unayoiona imetangazwa na shule yenyewe, na shule huchagua mwaka wa kutangaza na mwaka wa kunyamaza.

Nenda kwa mkuu wa shule umwombe jedwali la gredi la miaka mitatu: wangapi walipata A, wangapi A-, hadi E. Hati hiyo anayo, KNEC (baraza la mitihani) humpa. Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- 11, B+ 10, B 9, B- 8, C+ 7, C 6, C- 5, D+ 4, D 3, D- 2, E 1. Tuseme shule ilikuwa na watahiniwa 60 mwaka 2025: B wanne, B- sita, C+ wanane, C kumi, C- kumi na wawili, D+ kumi, D saba, D- watatu. Zidisha kila kundi kwa pointi zake, jumlisha, utapata 327. Gawanya kwa 60: wastani 5.45. Sasa tazama kitu ambacho wastani hauonyeshi: waliopata C+ na kuendelea, yaani waliofikia kiwango cha kuingia chuo kikuu kwa shahada, ni 18 kati ya 60, asilimia 30. Shule nyingine inaweza kuwa na 5.45 hiyo hiyo kwa sababu karibu kila mtu amepata C na C-, na waliofika C+ ni wachache mno. Wastani mmoja, shule mbili tofauti kabisa.

Usipime kwa mwaka mmoja, hasa shule ndogo. Penye watahiniwa 25, mtoto mmoja akitoka D akapata B, wastani wa shule nzima unapanda kwa 0.24. Penye watahiniwa 250, mtoto huyo huyo anauinua kwa 0.024 tu. Ndiyo maana shule ndogo "hupaa" mwaka huu na "kuanguka" mwaka ujao bila mwalimu yeyote kubadilika. Chukua miaka mitatu, lakini usijumlishe wastani tatu ukagawa kwa tatu. Jumlisha pointi zote, ugawe kwa watahiniwa wote. Kwa mfano, watahiniwa 30 wenye wastani wa 4.2, wakafuata 45 wenye 4.8, kisha hao 60 wenye 5.45: pointi ni 126, 216 na 327, jumla 669, watahiniwa 135. Wastani halisi ni 4.96. Ukigawa kienyeji utapata 4.82.

Na usirudi nyuma kupita 2023. Mwaka huo KNEC ilibadilisha namna ya kukokotoa gredi ya jumla: Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa, na masomo matano mengine yaliyo bora. Kabla ya hapo Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vilihesabiwa, na sayansi mbili zilikuwa lazima. Shule inayojigamba kwamba imepanda pointi nzima tangu 2021 huenda imepandishwa na kanuni.

Sasa swali ambalo wakuu wengi hawalipendi: waliingia wangapi? Watahiniwa wa 2025 waliingia Kidato cha Kwanza 2022. Ikiwa waliingia 82 na waliokaa mtihani ni 60, wanafunzi 22 wamekwenda wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, wengine karo imewashinda, wasichana wengine wamepata mimba na hawakurudi. Lakini zipo shule zinazomwambia mtoto dhaifu arudie darasa, jambo lililokatazwa, au akajisajili kwingine ili asishushe wastani. Hebu turudishe hao 22 kwenye hesabu, kila mmoja kwa D. Pointi zinakuwa 393 kwa watoto 82: wastani 4.79, si 5.45. Mkuu mwenye maelezo ya kila mtoto aliyeondoka ni mkuu wa kuaminiwa, hata kama idadi ni kubwa. Anayejibu "hayo ni mambo ya ofisi" amekwisha kujibu.

Mwisho ni hili la binti yako kuwa wa katikati. Shule ya 6.2 huenda ilipokea watoto waliokuwa na alama 330 za KCPE, mtihani wa zamani wa Darasa la Nane, na ya 5.4 ikapokea wa 250. Hapo ya pili ndiyo imefanya kazi kubwa zaidi. Njia rahisi ya kujua ni kuuliza kuhusu kundi moja tu: "Waliokuja kwenu na alama kati ya 250 na 299, kwa wastani walimaliza na gredi gani?" Uliza swali hilo shule zote mbili. Ikiwa kundi hilo linapata C- kwenye shule ya 6.2 na C kwenye ya 5.4, mtoto wa katikati ana mahali pake panapojulikana. Hesabu hii bado inawezekana kwa sababu watahiniwa wa KCSE wa 2026 na 2027 nao walifanya KCPE; baada ya hapo KCSE yenyewe imekwisha, na wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya watafika Gredi ya 12 mwaka 2028. Tumia takwimu hizi zikingali na maana.

"Kutwa ya kilomita sita au bweni?"

*Shule ya kutwa iko karibu kilomita 6, na njia yenyewe inapita kichakani ambako ndovu huvuka. Bweni wanataka 40,535. Nina kijana mmoja wa kuingia Gredi ya 10 na wengine wawili nyuma yake. — Baba, Maungu*

Baba, tuanze na pesa. Kiwango cha wizara kwa shule nyingi za bweni za vijijini ni hicho ulichotajiwa, shilingi 40,535 kwa mwaka. Shule zilizokuwa za kitaifa na za miji mikubwa ni 53,554. Hulipwa kwa mgawo wa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hiyo kwako ni kama 20,268, kisha 12,160, kisha 8,107. Usikubali kudaiwa nusu na nusu. Juu yake kuna sanduku, godoro, blanketi, sare na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula pamoja na likizo fupi ya katikati. Sare nunua popote unapopata bei nzuri. Shule haina haki ya kukulazimisha duka moja.

Shule ya kutwa haina karo ya masomo. Serikali humlipia kila mwanafunzi shilingi 22,244 kwa mwaka, na vitabu vya kiada hutoka serikalini. Unacholipia ni chakula cha mchana, na hapo ndipo wazazi hukosea hesabu kwa kusahau nauli. Tukadirie siku 180 za shule. Chakula cha shilingi 60 kwa siku ni 10,800. Boda boda ya shilingi 100 kwenda na 100 kurudi ni 36,000. Jumla 46,800: umeipita bweni. Kutwa ni rahisi kwa anayetembea, au anayepata baiskeli. Baiskeli ya mitumba iliyo imara, pamoja na tairi na vipuri vya mwaka, hulipa gharama yake ndani ya muhula mmoja ukiilinganisha na boda.

Lakini kwako kuna ndovu, na jambo hilo si la kupuuzwa katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo. Hatari kubwa ni alfajiri na magharibi, wanapotoka au kurudi kwenye maji na mashamba. Uliza shule saa hasa ya kuripoti. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi, masomo yaanze saa mbili na yaishe saa tisa unusu, kisha michezo hadi saa kumi na moja kasorobo. Shule yenye "masomo ya alfajiri" ya saa kumi na mbili inamtaka kijana wako aondoke nyumbani saa kumi na moja, gizani. Hilo lipeleke kwenye mkutano wa wazazi, na mkiwa wengi mpeleke pia kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Barua moja hutupwa, ya wazazi kumi na watano hujibiwa.

Tembea njia hiyo mwenyewe saa kumi na mbili unusu asubuhi, si mchana. Angalia kinyesi kilicho bado na unyevu, matawi ya mgunga yaliyovunjwa usiku, na mahali ambapo kichaka kinakaribia njia kiasi kwamba mtoto haoni mbele mita ishirini. Watoto watembee kwa kundi, bila simu masikioni, na wawe na nyumba mbili tatu zilizokubaliwa za kukimbilia. Mvua zikianza na mahindi yakikomaa, hata njia iliyokuwa salama hubadilika.

Kuna suluhisho la tatu ambalo wazazi hulipenda na sisi tunalionea shaka: kumpangia kijana chumba karibu na shule. Kwa chumba cha shilingi elfu moja na kitu kwa mwezi, anajipikia, hana wa kumwamsha, na jioni hakuna anayejua yuko wapi. Likiwa ndilo pekee, apange kwa familia inayoishi hapo hapo, na mwenye nyumba awe na namba ya mwalimu wa darasa.

Kwa hiyo kijana huyu wa kwanza, kama njia haina usalama na hakuna kundi la kutembea nalo, mpeleke bweni na uanze kuomba basari sasa. Fomu ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huambatanishwa na barua ya kujiunga, muundo wa karo wa shule, nakala ya cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na muhuri wa chifu. Hundi huandikwa kwa jina la shule, na mara nyingi hufika muhula umekwenda mbali. Mwambie mhasibu wa shule mapema kwamba unaitarajia na umpe nakala ya fomu.

"Kila shule imeandika STEM"

*Niko Gredi ya 9. Nataka Biolojia, Kemia na Fizikia. Nikiangalia orodha, kila shule ina STEM. Nitajuaje ipi inafundisha kweli? Na hizo nafasi kumi na mbili za kuchagua shule nizijaze vipi? — Msichana, Wundanyi*

Mwanangu, umeuliza vizuri kuliko wazazi wengi. Njia za masomo ni tatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sanaa na Michezo ziko katika shule chache, lakini STEM imo kila mahali kwenye karatasi, hata kwenye shule ambayo maabara yake ni stoo ya viti vilivyovunjika. Utasoma masomo manne ya lazima, ambayo ni Kiingereza, Kiswahili, Hisabati na mafunzo ya huduma kwa jamii, na matatu ya kuchagua. Kwa hiyo ukikosea matatu hayo, umekosea karibu nusu ya masomo yako.

Waulize wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne kabla ya kumuuliza mkuu. Swali la kwanza: nani anawafundisha Fizikia, na ameajiriwa na TSC, yaani tume ya serikali ya walimu, au na bodi ya shule? Mwalimu wa bodi anaweza kuwa hodari sana, lakini mshahara wake unatoka kwenye mfuko wa shule, na akipata kazi ya TSC kaunti nyingine ataondoka katikati ya muhula. Shule yenye mwalimu mmoja tu wa Fizikia ni shule ambayo akienda likizo ya uzazi hakuna Fizikia. Swali la pili: mara ya mwisho mmeingia maabara ni lini, na mlifanya nini kwa mikono yenu? Ukiambiwa "mwalimu alituonyesha mbele", hiyo ni sinema.

Ukipata nafasi ya kuingia maabara, hesabu bureti, ile mirija mirefu ya kioo yenye vipimo na bomba chini. Kazi ya kupima asidi kwa alkali inahitaji kila mwanafunzi awe na bureti yake na pipeti yake. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi ya tatu ya Kemia ya KCSE, ambayo ni ya vitendo. Darasa la watoto 48 lenye bureti 12 linafanya kazi kwa watu wanne wanne: mmoja anafungua bomba, mmoja anasoma kipimo, wawili wananakili. Kisha siku ya mtihani wale wawili wanashika bureti kwa mara ya kwanza. Fungua mfereji wa sinki uone kama maji yanatoka. Uliza gesi iliisha lini. Kwa Fizikia, angalia kama amita na voltimita zina betri za kuzitumia au zimekaa tu kwenye kabati zikivuta vumbi. Vitu hivi havionekani kwenye wastani wowote.

Uliza pia wastani wa kila somo, si wa shule nzima. Shule inaweza kuwa na 6 kwa jumla huku Fizikia ikiwa na 3, kwa kuwa Kiswahili na Dini vimeibeba. Na uulize wangapi waliofanya Fizikia: wastani wa 8 kwa watahiniwa watano waliochujwa hauna mengi ya kukuambia.

Kuhusu nafasi kumi na mbili: katika awamu ya kwanza, 2025, mwanafunzi alichagua njia, kisha michanganyiko mitatu ya masomo, kila mmoja na shule nne. Kati ya hizo kumi na mbili, tisa zilikuwa za bweni, tatu za kaunti yake na sita za nje; tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa katika kaunti yake ndogo. Mwalimu wako akuonyeshe waraka wa mwaka huu kabla ya kuingiza chochote kwenye mfumo, maana maelekezo ya wizara hubadilika.

Kosa la kawaida ni kujaza nafasi zote za bweni kwa shule za kundi la C1, zile zilizokuwa za kitaifa. Hapa kwetu ni Bura Girls kwa wasichana na Kenyatta ya Mwatate kwa wavulana, na hizo zinagombewa na nchi nzima. Matokeo yako yanahesabiwa kwa pointi hadi 72: masomo tisa, kila moja pointi 1 hadi 8. Mtihani wa KJSEA wenyewe, ule wa mwisho wa Gredi ya 9, ni asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni 20, na ile ya Gredi ya 6 ni 20. Kwa hiyo asilimia 40 tayari unayo mkononi leo. Mwombe mwalimu akuonyeshe alama hizo, kisha weka C1 moja au mbili, mbili tatu za C2 (zilizokuwa za ziada ya kaunti), na zilizobaki uchague C3 (zilizokuwa za kaunti) ambazo umehakikisha bureti zake. Kwa aliyezaliwa Wundanyi, Murray Girls iko mlangoni na baridi yake unaijua. Wa kutoka Taveta au Voi huugua kifua muhula wa kwanza kwa kukosa sweta mbili na blanketi zito.

Na zile tatu za kutwa usizijaze kwa kubahatisha. Watoto wengi hupangiwa huko. Zitembelee zote, maana kwako wewe ziko karibu.

"Nimeambiwa nitoe elfu tano ahamishwe"

*Mjukuu wangu amepangiwa shule ya mbali sana, nje ya kaunti. Kuna mtu ameniambia nimpe shilingi 5,000 atamtafutia nafasi shule ya karibu. Nifanyeje? — Babu, Taveta*

Shikamoo Mzee. Usimpe. Kuhama hakuuzwi, na mtu huyo hana mamlaka ya kubadili kitu kwenye mfumo.

Maombi huingizwa kwenye mfumo wa wizara mtandaoni katika kipindi kinachotangazwa, na mkuu wa shule unayoitaka ndiye anayekubali au kukataa kulingana na nafasi alizonazo. Kwa hiyo anza kwa kwenda shule hiyo ya karibu ukiwa na namba ya mtahiniwa ya mtoto na matokeo yake. Uliza kama wana nafasi katika mchanganyiko wake wa masomo, si nafasi ya kitanda tu. Kama ipo, omba maombi yaingizwe, hapo hapo au kupitia shule aliyomaliza Gredi ya 9. Ikikataliwa na dirisha bado liko wazi, jaribu nyingine. Dirisha likishafungwa, nenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo pale Taveta ukiwa na barua fupi yenye sababu: umbali, ugonjwa, mlezi mzee. Sababu ya ugonjwa iwe na karatasi ya hospitali.

Wakati unangoja, mtoto asikae nyumbani. Akiweza aripoti alikopangiwa. Wiki nne za Gredi ya 10 zikipotea, kwenye Kemia na Hisabati hazirudi kirahisi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kukusanya michango bila kutoa risiti rasmi. Malipo yoyote mengine yanahitaji idhini ya waziri, na mtoto hawezi kunyimwa shule kwa sababu mzazi hajayalipa. Ukidaiwa "pesa ya dawati" au "ya maendeleo", sema kwa upole: naomba risiti na barua ya idhini. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

"Shule ndogo, na siku ya kutembelea"

*Tunaalikwa kutembelea shule mbili za wasichana. Moja ina wanafunzi wapatao 60 tu, nyingine zaidi ya 400. Watu wanasema ndogo ni bora kwa kuwa mwalimu anamjua kila mtoto. Tuangalie nini tukifika? — Wazazi, Sagalla*

Mwalimu anamjua kila mtoto, ni kweli. Lakini fanyeni hesabu ya fedha. Pesa za serikali huja kwa kichwa: 22,244 mara 60 ni 1,334,640 kwa mwaka; mara 400 ni 8,897,600. Shule zote mbili zinahitaji mlinzi, mpishi, mhasibu, stima na kemikali za maabara. Na fedha hizo mara nyingi huchelewa. Shule ndogo ikicheleweshewa muhula mmoja hukata kwanza walimu wa bodi, kisha maabara. Mwaka huu wa 2026 mambo yamekuwa magumu zaidi kwa ndogo: hakuna Kidato cha Kwanza wala cha Pili, kuna Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na cha Nne tu. Ulizeni Gredi ya 10 imepokea wangapi. Wakiwa kumi, michanganyiko ya masomo itakuwa miwili au mitatu kwa lazima, na mtoto atasoma kilichopo. Kama binti yenu anataka Historia, Jiografia na Dini, shule ndogo yenye walimu watulivu inaweza kumfaa sana. Kwa Fizikia, tungeiogopa.

Mkifika, ombeni kuona bweni, si bwalo lililopambwa. Chukueni tepu ya fundi. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka mita 1.2 kati ya vitanda na mita 2 za kupita katikati. Milango yenye upana wa futi tano, ifungukayo kwa nje, kila mwisho wa bweni, pamoja na mlango wa dharura katikati. Na madirisha yasiwe na vyuma. Hili la madirisha ndilo linalovunjwa zaidi, kwa hofu ya wezi au ya wasichana kutoroka. Moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, uliua watoto 21. Jaribuni mlango wa dharura wenyewe. Ukiwa na kufuli, ulizeni ufunguo uko kwa nani usiku, na mtu huyo analala wapi.

Kisha vyoo: tundu moja kwa wasichana 25. Kwa wasichana 400 ni matundu 16. Hesabuni yanayofanya kazi, si yaliyojengwa. Tazameni kama milango ina komeo kwa ndani na kama kuna mahali pa kutupa pedi.

Maji ni jambo la mwisho na kwa Sagalla mnalijua. Msiridhike na kuonyeshwa tangi. Kwa lita 20 kwa kila msichana kwa siku, bila jikoni, wanafunzi 400 hutumia lita 8,000. Tangi la lita 10,000 ni la siku moja na kidogo. Matatu ni siku tatu na robo tatu. Ulizeni mfereji hukauka kwa siku ngapi mfululizo mwezi wa Septemba, lori la maji likiitwa nani hulipa, na wanafunzi walirudishwa nyumbani mara ngapi mwaka jana kwa kukosa maji. Swali hilo la mwisho mpelekeeni mpishi.